Kipi Kilitangulia? Bangi, Ubongo na Afya ya Akili

Ndugu Mwenyekiti, wazazi wangu, walimu, wauguzi, nanyi vijana: nashukuru kwa nafasi hii. Nimekuja kuzungumza kuhusu bangi na kichwa cha binadamu, na najua kabla sijafungua mdomo wengi wenu mna msimamo tayari. Wapo walioona kijana wao akibadilika ndani ya mwaka mmoja, wanataka niilaani bangi hapa mbele. Wapo wanaosema ni jani tu kama majani mengine, wanataka niisafishe. Mimi kazi yangu ni utafiti wa afya ya akili, na swali linaloniamsha asubuhi ni fupi: kipi kilitangulia? Kijana alivuta ndipo akaugua, au alianza kuugua ndipo akavuta? Au kuna jambo la tatu lililomsukuma kwenye yote mawili? Nawaomba tulifuate swali hilo pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokijua leo imetoka kwa watu waliokataa kuliruka.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwamba bangi inarusha akili, limesemwa zamani sana. Mwaka 1845 daktari wa Kifaransa, Jacques-Joseph Moreau, alichapisha maelezo marefu ya namna hashishi, utomvu uliokaushwa wa bangi, inavyoweza kumtia mtu katika hali inayofanana na wazimu, na aliandika akiwa ameijaribu mwenyewe. Lakini tazameni kilichotokea India nusu karne baadaye. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliunda tume mwaka 1893 kuchunguza bangi, na moja ya kazi za tume ilikuwa kupekua rejista za hospitali za wagonjwa wa akili. Rejista zilionyesha kwamba katika mwaka mmoja, 1892, wagonjwa 222 walilazwa kwa sababu ya bangi. Tume haikuridhika na rejista. Ikafuatilia kesi moja moja, ikauliza jamaa na waliowaleta. Walipomaliza, zilizobaki zikiwa na ushahidi wowote wa kuihusisha bangi zilikuwa 98. Kumbe fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza chanzo cha ugonjwa, mgonjwa ameletwa na askari asiyemjua, na mtu lazima aandike kitu. Akaandika bangi.

Hadithi hiyo naipenda kwa sababu ina pande mbili. Wanaosema bangi haina lolote hukumbuka zile kesi zilizofutwa. Wanaosema ni sumu hukumbuka zile 98 zilizobaki. Mtafiti anatakiwa azikumbuke zote, na anatakiwa hasa akumbuke kile kijisanduku cha fomu, maana bado tunacho. Kijana akifika hospitalini akiwa amechanganyikiwa na mfukoni ana msokoto, ni rahisi mno kuandika chanzo na kufunga faili.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao milioni 228 duniani walitumia bangi mwaka 2022. Kwa hiyo hatuzungumzii kikundi kidogo cha watu wa pembeni. Jambo dogo likiongeza hatari kidogo kwa umati wa namna hiyo, idadi ya watakaoumia si ndogo.

Tuingie ubongoni. Mwaka 1964 wanakemia wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifanikiwa kuitenga THC ikiwa safi na kueleza umbile lake. Hiyo ndiyo kemikali inayoleta stimu. Jani lina kemikali nyingine nyingi, ikiwemo CBD ambayo haileweshi, lakini THC ndiyo mzizi wa maneno haya yote. Halafu mwaka 1988, Marekani, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane walionyesha kwamba ndani ya ubongo kuna mahali maalumu ambapo kemikali za aina ya THC hunasa. Mahali hapo tunapaita kipokezi, na hiki kiliitwa CB1.

Sasa jiulizeni: ubongo wa binadamu ulibeba kipokezi cha jani kwa kazi gani? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1992. Kundi la Mechoulam, Devane akiwemo, liligundua kemikali ambayo ubongo unaitengeneza wenyewe na inayonasa kwenye kipokezi kile kile. Wakaiita anandamidi. Mwaka 1995 ikapatikana ya pili. Na mwaka 2001 makundi ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake yalionyesha kemikali hizi zinavyosafiri, na hapo ndipo wengi wetu tuliposhangaa. Kwa kawaida seli moja ya neva huitumia ujumbe seli ya pili. Kemikali hizi hurudi nyuma. Seli iliyopokea ujumbe inazitoa kumrudia mtumaji, kama msikilizaji anayemwashiria msemaji apunguze sauti. Zinatengenezwa pale pale zinapohitajika, zinafanya kazi kwa muda mfupi sana, zinavunjwa. Ni breki ndogo ndogo, kila moja kwenye kituo chake.

THC ikiingia haiji kwa mpangilio huo. Inafika kila mahali kwa wakati mmoja na inakaa kwa saa kadhaa. Kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, ndiyo maana mvutaji anaanza sentensi na kuipoteza katikati. Kwenye serebela, inayoratibu miendo, ndiyo maana hatakiwi kushika usukani. Kwenye amigdala, inayopima hatari, ndiyo maana mmoja anatulia na mwenzake, kwa msokoto ule ule, anaanza kuhisi watu wote wanamtazama vibaya. Kwenye shina la ubongo, panapoongozwa pumzi, vipokezi hivi ni vichache. Hii ndiyo sababu bangi haizimi pumzi ya mtu mzima kama heroini inavyoizima. Nalisema wazi kwa sababu vijana wanalijua tayari, na mkubwa anayewadanganya kwenye hili hawatamwamini kwenye lile linalofuata. Mtoto mdogo aliyemeza peremende zenye THC ni habari nyingine kabisa, huyo anaweza kulala usingizi mzito wa hatari na anatakiwa afikishwe hospitalini mara moja.

Kuna tukio moja ambalo kwangu mimi limefundisha zaidi ya makala mia. Kampuni moja ya dawa ilifikiria hivi: kama THC ikikiwasha kipokezi cha CB1 mtu anasikia njaa, basi tukikizima kipokezi hicho njaa itapungua, na watu wanene watapungua. Wakatengeneza dawa iitwayo rimonabanti, na Ulaya ikairuhusu mwaka 2006. Watu walipungua kweli. Lakini baadhi yao waliingia kwenye sonona, wengine wasiwasi mkali, wengine mawazo ya kujiua. Mwaka 2008 dawa ikaondolewa sokoni. Hakuna aliyekuwa amevuta chochote. Ilitosha kuigusa breki ile, hali ya moyo ikaporomoka. Mtu akiniambia kwamba mfumo huu wa ubongo ni jambo dogo unaloweza kuuchezea kila siku ukiwa na miaka 15, namkumbusha rimonabanti.

Je, THC yenyewe inaweza kumfanya mtu mzima wa akili asikie au aone visivyokuwepo? Hili limejibiwa kwa njia ya moja kwa moja. Deepak Cyril D'Souza na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2004 jaribio walilolifanya kwa watu 22 wenye afya, ambao waliwahi kuonja bangi lakini hawakuwa waraibu. Walidungwa THC kwenye mshipa, miligramu 2.5 au 5, na siku nyingine wakadungwa kimiminika kisicho na THC, bila wao kujua ni siku ipi. Siku za THC baadhi walianza kushuku watu, mawazo yakakatika, vitu vikaonekana vimebadilika, muda ukawa kama umesimama. Baada ya saa chache wote wakarudi walivyokuwa. Hapa swali letu lina jibu: THC ilitangulia. Lakini hali ya saa chache siyo skizofrenia. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaokaa na mtu, akisikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, na hakuna mtafiti mwenye dhamiri atakayewapa watoto bangi kwa miaka mitano ili aone nani ataugua.

Kinachobaki ni kuwafuata watu jinsi walivyo, kwa miaka mingi, kwa subira. Uswidi, vijana wa kiume walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu maisha yao, bangi ikiwemo. Sven Andréasson na wenzake waliwafuatilia vijana 45,570 kwa miaka 15 kwa kutumia kumbukumbu za hospitali, wakachapisha mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 zaidi ya ambao hawakuvuta kabisa. Watafiti walipozingatia malezi, hali ya nyumbani na matatizo mengine ya akili waliyokuwa nayo kabla, tofauti ilishuka, lakini haikuisha. Na walio wengi kabisa kati ya hao waliovuta sana hawakuugua. Mambo haya matatu yanatakiwa kusemwa kwa pumzi moja. Nimesikia wasemaji wakilitaja la kwanza na kuacha mawili, nimesikia na wanaolitaja la mwisho tu.

Lakini mtu mkali wa hoja atasema: pengine hao vijana wa Uswidi walikuwa wameshaanza kuugua kimya kimya, na bangi ilikuwa ya kujituliza. Ni hoja nzuri. Ili kuijibu unahitaji mtu uliyemuuliza kabla hajavuta, yaani akiwa mtoto. Na kuna mji mmoja ambako waliulizwa. Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu wakiwa wadogo hadi leo wana umri wa zaidi ya miaka 50. Wakiwa na miaka 11 waliulizwa kama wanasikia sauti au wanadhani watu wanasoma mawazo yao. Kwa nini mtu alifikiria kumuuliza mtoto wa miaka 11 swali hilo, sijui, lakini namshukuru. Mwaka 2002 Louise Arseneault na wenzake walichapisha matokeo: kati ya waliokuwa wanavuta wakiwa na miaka 15, asilimia 10 walikuwa na ugonjwa wa jamii ya skizofrenia walipofika miaka 26. Kwa wengine ilikuwa asilimia 3. Walipoondoa uzito wa wale waliokuwa na dalili tangu miaka 11, tofauti ilipungua kwa karibu theluthi na ikakosa uhakika wa kitakwimu, kwa sababu idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo.

Mnaona inavyokwenda. Sehemu ya uhusiano ni ya watoto ambao tayari walikuwa na kitu. Sehemu nyingine haielezeki hivyo. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika miaka ya karibuni nao unaelekeza huko huko: wenye urithi unaowaweka karibu na skizofrenia wana mwelekeo mkubwa zaidi wa kutumia bangi, na njia ya kutoka bangi kwenda kwenye ugonjwa nayo haijafungwa. Msimamo wangu, baada ya kuyasoma haya yote na kukaa na wagonjwa, ni kwamba mishale inakwenda pande zote mbili, na kwa kijana aliyezaliwa na udhaifu huo mishale hiyo inakutana juu yake.

Jambo ambalo halikuwepo mwaka 1969 ni nguvu ya bangi yenyewe. Kwa bangi iliyokamatwa Marekani, THC ilikuwa wastani wa asilimia 4 mwaka 1995, ikafika asilimia 12 mwaka 2014. Kuna mafuta na nta zinazokamuliwa kutoka kwenye jani ambazo THC yake inapita asilimia 60. Baba anayesema "mimi nilivuta ujanani na niko salama" anazungumzia kitu kingine kabisa, ingawa kinaitwa kwa jina lile lile. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake walilinganisha watu 901 waliopatwa na saikosisi, yaani hali ya kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo, kwa mara ya kwanza na watu 1,237 wa maeneo yale yale wasiougua, katika vituo 11 vya Ulaya na Brazili. Wanaotumia kila siku walikuwa na uwezekano mara 3 hivi zaidi wa kuwa upande wa wagonjwa. Wanaotumia kila siku, tena ile yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu, karibu mara 5.

Kila siku, na kali. Ukinishika koti mlangoni na kuniuliza nikupe maneno mawili tu ya kuondoka nayo, ni hayo, na nitaongeza umri. Ubongo unaendelea kujijenga hadi mtu anakaribia katikati ya miaka ya ishirini, na sehemu ya mbele, inayozuia pupa na kupanga mambo, ndiyo inayomalizika mwisho. Zile breki ndogo ndogo nilizozitaja zinashiriki kwenye ujenzi huo, zinasaidia kuamua nyuzi zipi za neva zibaki na zipi zikatwe. Panya waliopewa THC wakiwa wanabalehe hubaki na upungufu wa kumbukumbu na wa kuchangamana na wenzao hata wakishakua, mara nyingi kuliko waliopewa wakiwa wakubwa.

Kwa binadamu hapo pana ubishi mkali, na sitauficha. Mwaka 2012 Madeline Meier na wenzake, kwa kutumia watu wale wale wa Dunedin, walisema walioanza kuvuta wakiwa wadogo na kuendelea kwa miaka mingi walipoteza hadi alama 8 za kipimo cha uwezo wa akili walipofika miaka 38. Walioanza wakubwa hawakuonyesha anguko hilo. Ilitangazwa dunia nzima. Halafu mwaka 2016 Nicholas Jackson na wenzake wakachunguza mapacha zaidi ya 3,000 nchini Marekani. Wavutaji walishuka kweli, lakini ndugu zao pacha ambao hawakuvuta walishuka nao kwa kiasi kile kile. Nyumba moja, urithi mmoja, anguko moja. Hata hivyo wengi wa mapacha hao hawakuwa wavutaji wa kutwa kwa miaka 20 kama wale wa Dunedin, na walipimwa wakiwa bado vijana. Kwa hiyo tafiti hizi mbili hazigongani uso kwa uso kama magazeti yalivyoandika. Kila moja inaeleza mtu wa aina yake.

Picha za ubongo ndizo ninazowaonya nazo zaidi, maana zinavutia macho. Mwaka 2014 utafiti mdogo wa vijana 20 wanaovuta na 20 wasiovuta ulionyesha tofauti za umbo katika sehemu za ubongo zinazohusika na raha, na vichwa vya habari vikasema hata kuvuta mara moja moja kunageuza ubongo. Mwaka uliofuata watafiti wengine walichukua kundi kubwa zaidi na kuwalinganisha kwa makini watu wanaokunywa pombe kiasi kile kile. Tofauti haikuonekana. Inawezekana sana pombe ndiyo iliyokuwa inaongea kwenye zile picha za kwanza. Ukiona picha ya ubongo yenye rangi nyekundu na njano, uliza kwanza: hawa watu walikuwa wanakunywa?

Nizungumze sasa kuhusu uraibu, kwa kuwa bado nakutana na watu wazima, hata wahudumu wa afya, wanaosema bangi haina arosto, yaani mateso yanayompata mtu akiacha. Inayo. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994, kati ya watu waliowahi kuonja bangi, asilimia 9 hivi walifikia utegemezi. Kwa pombe ilikuwa asilimia 15, heroini 23, tumbaku 32. Kwa wanaoanza wakiwa na umri wa shule, makadirio yanapanda hadi mtu mmoja kati ya sita. Na bangi ya enzi ile ilikuwa nyepesi.

Arosto yake haitishi kama ya heroini, na huo ndio mtego wake. Mtu anaacha Jumatatu. THC hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, kwa hiyo Jumatatu hiyo hasikii kitu. Jumatano usiku usingizi unamkimbia, anatoka jasho, akisinzia anaota ndoto nzito za kutisha ambazo hajaziota kwa miaka. Chakula hakipiti. Mkewe akimuuliza jambo dogo anafoka. Ikifika Ijumaa anajiambia: mnaona, mimi bila bangi siwezi kulala wala kukaa na watu, bangi ndiyo dawa yangu. Anavuta, analala. Kwake yeye ushahidi umekamilika. Lakini fuateni mpangilio: usingizi ule uliharibiwa na kukosekana kwa kitu ambacho ubongo ulikwisha kukizoea. Swali la kipi kilitangulia analijibu vibaya kila wiki, katika mwili wake mwenyewe, na hakuna aliyemweleza kwamba kilele cha mateso hayo ni wiki ya kwanza, na kwamba mengi hupungua ndani ya wiki mbili au tatu, ingawa usingizi unaweza kuchelewa zaidi. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua arosto ya bangi rasmi.

Kinachotokea ndani kimeonekana. Jussi Hirvonen na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wavutaji wa kila siku waliopigwa picha maalumu inayohesabu vipokezi vya CB1. Kwenye gamba la ubongo vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 20. Ubongo ulijihami kwa kuvipunguza. Kisha wavutaji hao wakakaa wodini, wakiangaliwa, bila kuvuta kwa wiki nne hivi. Waliopigwa picha tena walikuwa wamerudi karibu na hali ya kawaida. Utafiti uliofuata wa kundi la D'Souza ulionyesha kwamba kupona huko huanza ndani ya siku mbili. Kwa mtu anayeamka Alhamisi akiwa amelowa jasho, habari hiyo ina thamani kubwa kuliko hotuba yoyote ya maadili, na nawaomba wauguzi mliopo mzitamke siku hizo mbili kwa kila anayejaribu kuacha.

Dawa ya vidonge iliyoidhinishwa kwa ajili ya uraibu wa bangi bado haipo. Kinachosaidia ni mazungumzo yenye mpangilio: kumsaidia mtu azitaje sababu zake mwenyewe za kuacha, kumfundisha kutambua saa na sehemu zinazomwamshia hamu, na mahali pengine kumpa zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi. Hiyo ya zawadi huwaudhi watu wengi. Lakini inafanya kazi, na mimi nachukua kinachofanya kazi.

Kuhusu sonona nitapita haraka. Mwaka 2019 Gabriella Gobbi na wenzake walikusanya tafiti 11 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 23,000. Waliovuta kabla ya miaka 18 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona walipokuwa watu wazima, kwa kiasi cha asilimia 37, na mawazo ya kujiua yaliongezeka kwa nusu. Kwa wasiwasi hawakupata uhusiano wa uhakika. Ongezeko la sonona kwa mtu mmoja ni dogo. Kwa shule nzima ya vijana wanaovuta, siyo dogo.

Niwaonyeshe kazi hii inavyofanyika mezani, maana takwimu zote hizi zinaanzia hapo. Mtafiti anakaa na kijana, kati yao kuna kalenda. Hamuulizi "unavuta kiasi gani?" kwa sababu jibu litakuwa "kawaida tu". Anaanza na siku zinazokumbukika: siku ya mtihani wa mwisho, siku ya msiba, siku ya mechi.

"Siku ile ya mechi ulivuta?"

"Nilivuta."

"Peke yako?"

"Tulikuwa wanne."

"Kila mtu na msokoto wake, au mlizungusha?"

"Tulizungusha, miwili."

"Mlichanganya na tumbaku?"

Hapo kijana anatulia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo bila hasira. Na jibu lina uzito: kama alichanganya, sehemu ya uraibu wake inaweza kuwa wa tumbaku. Kisha anaulizwa iliyofuata, siku kwa siku, hadi miezi mitatu ijae. Gramu akilazimishwa kuzitaja atakisia, na nguvu ya jani hilo haijui kabisa. Ni mwaka 2021 tu ndipo taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa dawa za kulevya ilipoanza kuwataka watafiti waripoti kwa kipimo kimoja, miligramu 5 za THC. Kabla ya hapo kila mmoja alihesabu misokoto kwa namna yake.

Vikwazo vingine vimewekwa na wenye mamlaka. Marekani, kuanzia mwaka 1968 na kwa zaidi ya miaka 50, bangi halali ya utafiti ilitoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi, na kwa muda mrefu ilikuwa nyepesi kuliko iliyokuwa inavutwa mitaani. Leseni kwa wakulima wengine zilianza kutolewa mwaka 2021. Na kuna kikwazo ambacho hakina sheria wala leseni, nacho ni hofu. Kijana anayejua kwamba akisema ukweli atapigwa, atafukuzwa shule au ataitiwa polisi, atasema uongo mbele ya kalenda ile. Akidanganya, sisi tunapata takwimu chafu. Akimdanganya daktari, anapata tiba isiyo yake. Sizungumzii hapa kama sheria ilegezwe au ikazwe. Nasema mtu anayeumwa lazima awe na chumba kimoja duniani ambamo anaweza kusema amevuta nini.

Tunachokisubiri sasa ni watoto wa Marekani wapatao 12,000 walioanza kufuatiliwa kuanzia mwaka 2016 wakiwa na miaka 9 na 10, kabla ya wengi wao kugusa chochote. Wamepigwa picha za ubongo, wamechukuliwa vinasaba, wameulizwa kuhusu nyumbani, usingizi na huzuni, na wanaulizwa tena kila mwaka. Wanakua sasa hivi. Kwa mara ya kwanza tutakuwa na picha ya ubongo wa kabla na wa baada kwa maelfu ya watu wale wale.

Mzazi anaponiuliza, "Daktari, ni bangi iliyomharibu mwanangu?", mara nyingi siwezi kumjibu ndiyo au hapana kwa mtoto mmoja, na namwambia hivyo. Huwa nauliza alianza akiwa na miaka mingapi, anavuta mara ngapi kwa wiki, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Kisha namweleza jambo ambalo katika kesi yake lina maana kuliko chanzo. Mwaka 2016 Tabea Schoeler na wenzake walikusanya tafiti 24 za watu waliokwisha kupatwa na saikosisi, zaidi ya 16,000. Walioendelea kuvuta walirudiwa na ugonjwa na kulazwa zaidi. Walioacha walifanya vizuri kuliko walioendelea, na kurudiwa kwao hakukuzidi kwa maana yoyote kule kwa wale ambao hawakuwahi kuvuta. Kwa hiyo hata kama hatutajua kamwe kipi kilitangulia kwa kijana huyu, kuacha baada ya kuugua kunabadilisha kinachofuata.

Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyeanza kusikia sauti, kujifungia, kuamini anafuatiliwa, mpeleke kituo cha afya wiki hii, usingoje "akili imrudi" yenyewe. Mkifika, mwacheni aseme mwenyewe kuhusu bangi, na akisema, mzazi usimkatize. Tunahitaji kusikia alianza lini, anavuta nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini.